Jinsi Nafasi Namba Saba Ilivyokombolewa

Sogeeni, enyi mliowahi kuuzunguka ua wa ofisi mara tatu mkitafuta pa kuliacha gari. Sogeeni nanyi mnaoshuka kwenye basi la wafanyakazi shati likiwa limekunjamana kama karatasi ya kufungia vitumbua vya jana. Kaeni, toeni funguo mifukoni zisiwachome, mpate kusikia habari ya asubuhi moja ya Ijumaa, ambayo ndani yake mtu mpole, asiyejua kupigana wala kutukana, alisimama katikati ya mistari miwili ya chokaa na asirudi nyuma. Nawe wino wa muhuri, uliyepitisha mengi ya uongo, leo nisaidie kulipitisha la kweli.

Palikuwa na Jengo Kuu la serikali, ghorofa kumi na moja, lenye madirisha yasiyofunguka na lifti iliyofanya kazi kwa hisani yake yenyewe. Watumishi waliokula kiapo humo walikuwa elfu moja mia moja na arobaini. Nafasi za kuegesha magari zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Hesabu hiyo, ndugu zangu, ndiyo mama wa vita vyote nitakavyovisimulia, na aliyekabidhiwa kuisimamia ni Karani wa Maegesho na Usafiri wa Watumishi, mwanamume wa miaka hamsini na moja, mwembamba kama rula, mwenye kalamu mbili mfukoni, ambaye jengo zima lilimwita Bwana Chokaa kwa sababu mistari ya maegesho aliichora upya kila mwisho wa mwezi kwa mkono wake mwenyewe.

Ndiye aliyegawa stika za kioo cha mbele. Ndiye aliyepanga safari za mabasi mawili ya wafanyakazi, moja zima na moja linalokohoa. Ndiye aliyewaunganisha watu wa mtaa mmoja waje kwa gari moja, kisha akakaa nao kuwasuluhisha walipogombea redio na dirisha. Jua likiwa kali juu ya magari alilaumiwa yeye. Mvua ikinyesha alilaumiwa yeye. Na ndege walipochafua vioo, barua ya malalamiko iliandikwa kwake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hakusifiwa hata siku moja, na kazi yake haikuwahi kutiwa maji.

Sasa, miongoni mwa nafasi hizo zote ilikuwapo moja iliyozipita nyingine kwa utukufu, nayo ni nafasi namba saba. Ilikaa chini ya paa la bati, kando ya njia ya mteremko iliyojengwa kwa ajili ya viti vya magurudumu, hatua kumi na moja tu kutoka mlango mkubwa. Jua halikuigusa, mvua haikuijua. Na katikati yake, kwa muda wa miaka tisa, palikaa askari asiyelala wala kuomba likizo: kopo kubwa la rangi lililojazwa zege, likachomekwa bomba la chuma, na juu ya bomba kibao kilichoandikwa kwa mkono, IMEHIFADHIWA. Imehifadhiwa kwa nani, kibao hakikusema. Wengine walinong'ona kuwa ni ya mkubwa fulani ambaye jina lake halitajwi kwenye ngazi. Wengine walisema ni ya mgeni atakayekuja bila taarifa. Wakurugenzi wanne waliingia na kutoka katika jengo lile, na wote wakalipita kopo kwa heshima, kila mmoja akidhani ni la aliye juu yake.

Wala Bwana Chokaa mwenyewe hakuwahi kuuliza, mpaka Mama Majalada alipovunjika nyonga.

Huyu Mama Majalada alikuwa mkuu wa masijala, malkia wa rafu mia moja, mwanamke wa miaka hamsini na saba aliyejua kila jalada lilikolala kama mzazi anavyowajua wanawe gizani kwa kupumua kwao. Miaka ishirini na mitatu nyuma, Bwana Chokaa alipoajiriwa akiwa kijana mwoga, alipoteza jalada la kwanza alilopewa. Ni Mama Majalada aliyefunga mlango, akavua viatu, akatambaa naye sakafuni mpaka wakalikuta nyuma ya kabati, na asimwambie mtu hadi leo. Mwaka huu aliteleza bafuni kwake. Akawekewa nyonga ya chuma upande wa kushoto, na baada ya miezi mitatu akarudi kazini na mkongojo. Gari lake dogo la kijani lilikuwa la otomatiki, halikuhitaji mguu wa kushoto, hivyo kuendesha aliweza. Kutembea ndiko kulikomshinda. Cheo chake hakikumpa nafasi ya mbele. Aliegesha uwanja wa chini, karibu na tangi la maji, na kutoka tangini hadi mlangoni ni hatua mia nne na kumi, pamoja na ngazi ishirini na mbili. Bwana Chokaa alizijua kwa sababu alizihesabu akiwa nyuma yake, amejifanya anakagua mistari, maana yule mama hakupenda kushikwa mkono.

Jumatano asubuhi alimkuta ameketi kwenye ngazi ya kumi na nne, mkongojo umelala magotini, jasho linamtiririka kwenye kola.

"Umeumia?" akamuuliza.

"Nimekaa," akajibu. "Kukaa si kuumia."

Bwana Chokaa akakaa naye. Watu wakawapita kulia na kushoto kama maji yanavyopita mawe.

"Nimeandika barua," akasema Mama Majalada bila kumtazama. "Kustaafu mapema. Ijumaa naipeleka Utawala. Kazi naiweza, Chokaa. Kinachonishinda ni kufika kazini."

Mishale mingi imewahi kurushwa tangu dunia iumbwe, lakini huo ulipenya kalamu mbili za mfukoni ukafika ndani. Maana nani alikuwa na kazi ya kuwafikisha watu kazini, kama si yeye?

Jioni ile alirudi kwake na uso wa jemadari aliyeshindwa. Mkewe, fundi cherehani ambaye mguu wake haukutoka kwenye kanyagio ila kwa chakula na misiba, alimtazama juu ya miwani.

"Mke wangu," akaanza Bwana Chokaa, amesimama kati ya mavazi ya watu, "ipo ngome pale kazini ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa kwa miaka tisa, nayo inalindwa na..."

"Kopo," akasema mkewe.

"Kopo."

"Baba Watoto, anayegawa nafasi pale si wewe?"

"Ni mimi."

"Sasa unamwogopa nani?"

Bwana Chokaa akafikiri muda wa pindo zima la sketi. "Simjui," akasema. "Ndiyo maana namwogopa."

"Basi kamtafute," akasema mkewe, akikata uzi kwa meno. "Ukimpata bado ukamwogopa, angalau utakuwa unamwogopa mtu."

Kwa maneno hayo, Alhamisi kulipopambazuka, shujaa alianza safari yake ya kupanda. Akafika ghorofa ya kumi na moja kwa miguu, lifti ikiwa imekataa hisani, akasimama mbele ya katibu muhtasi wa Mkurugenzi.

"Namba saba si ya kwetu," akasema yule katibu. "Sisi tuna moja na mbili. Waulize Utawala."

Akashuka hadi ya sita, kwa Utawala.

"Hiyo itakuwa ya Itifaki," wakasema Utawala. "Mambo ya wageni ni yao."

Akapanda hadi ya tisa, kwa Itifaki, ambako bwana mmoja mwenye tai iliyolegea alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akasema kwa upole, "Mambo ya maegesho muulize Karani wa Maegesho."

"Ndiye mimi."

"Basi umeshafika," akasema yule bwana, akarudi kwenye chai yake.

Hapo wengi wangekata tamaa. Yeye alitelemka mpaka chini kabisa ya jengo, mahali ambapo ukweli wa serikali huhifadhiwa, yaani masijala. Mama Majalada alikuwa nyuma ya meza, mguu mgonjwa umenyooshwa juu ya kiti cha pili.

"Nataka jalada la maegesho," akasema Bwana Chokaa. "La miaka tisa iliyopita."

"La nini?"

"Mambo ya kazi."

Mama Majalada alimtazama kwa shaka, kisha, bila kuinuka, bila kufungua rejista, akanyoosha mkongojo kama fimbo ya kifalme. "Rafu ya tatu kutoka dirishani. La njano, nyuma ya lile lenye mgongo uliochanika. Vumbi lipulize huko huko, usiniletee."

Lilikuwa pale pale aliposema. Na ndani yake, ukurasa wa arobaini na mbili, palikuwa na dokezo lililochapwa: Nafasi namba saba itengwe kwa siku mbili, Jumanne na Jumatano, kwa ajili ya mkaguzi mgeni, ambaye atakuja na gari lake. Na chini ya dokezo, kwa mwandiko wa mtu mwingine, kwa kalamu ya risasi: Mkaguzi amekuja kwa basi.

Bwana Chokaa aliyasoma maneno yale mara tatu. Miaka tisa. Wakurugenzi wanne. Magari mangapi yamezunguka juani, watu wangapi wamefika wamelowa, kwa hofu ya mtu aliyepanda basi, akakagua, akapanda basi tena, akasahau.

Akarudi ofisini kwake, chumba kidogo chenye ndoo za chokaa pembeni, akafungua mwongozo wa kazi wa jengo. Ulieleza wazi: nafasi zitagawiwa na Karani wa Maegesho kwa kuzingatia cheo au haja. Neno hilo la mwisho alikuwa hajawahi kulitumia. Akaandika: Nafasi namba saba, kuanzia kesho, ni ya Mkuu wa Masijala, kwa haja. Kisha kalamu ikasimama. Kwa miaka ishirini na mitatu, chini ya kila alichokiandika, alitia maneno "kwa niaba ya," maana jina tupu chini ya karatasi ni kama mtu aliyetoka nje bila shati. Saa ya ukutani ikahesabu dakika nne. Akasaini jina lake. Akagonga muhuri.

Ijumaa, saa moja asubuhi, alifika mbele ya kopo. Na mbele ya kopo alisimama Kamanda, kiongozi wa walinzi, mtu wa kifua kipana, filimbi shingoni, viatu vinavyong'aa hata siku za vumbi.

"Kamanda," akasema Bwana Chokaa, "nimekuja kuliondoa."

Kamanda hakushtuka. Alivuta pumzi kama mtu aliyekuwa ameingoja siku hiyo na kuiandalia hotuba.

"Bwana Chokaa, nafasi hii nimeilinda miaka tisa. Nimemkatalia daktari aliyekuja kupima watu presha. Nimemkatalia mkuu wa polisi, akaegesha kwenye majani. Nimemkatalia ndugu yangu wa tumbo moja, akakaa mwaka mzima bila kunisalimia, hata kwenye msiba wa mama yetu akanipa mkono akitazama pembeni. Leo unaniambia kopo liondoke. Sawa. Lakini yule ndugu yangu nimwambie nini?"

Bwana Chokaa alikuwa amejiandaa kwa ukali, hakujiandaa kwa hilo. Akampa karatasi zote mbili, dokezo la zamani na agizo lake jipya. Kamanda akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na kidole kikasimama kwenye kalamu ya risasi.

"Alikuja kwa basi," akasema.

"Alikuja kwa basi."

Kamanda akazikunja karatasi zote mbili, akamrudishia.

"Kosa si lako," akasema Bwana Chokaa, na sauti yake, aliyozoea kuitumia kuwaomba watu samahani, ikapata uzito asioujua. "Wewe uliambiwa linda, hakuna aliyekuja kukwambia acha. Tuliosahau ni sisi wa ofisini, na mimi nikiwa wa kwanza. Ndugu yako mwambie hivyo, ikibidi nitakwenda nawe. Na leo sikunyang'anyi lindo. Nakupa la mtu mwenye jina. Ni la Mama Majalada."

"Yule wa mkongojo?" Kamanda akainua macho. "Yule anayeniuliza kila asubuhi mgongo wangu umeamkaje?"

"Ndiye."

"Na mlikuwa mnangoja nini muda wote huu?"

Hakungoja jibu. Bwana Chokaa alikuwa ameshalikumbatia kopo kwa mikono yote miwili, akivuta kama mng'oa mbuyu, mishipa imemsimama, na kopo halikujua hata kama linavutwa. Kamanda akamgusa bega. "Hilo haliinuliwi. Linainamishwa, halafu linazungushwa kwa ukingo wake." Wakaliinamisha. Likalia juu ya saruji kama mfalme anayekokotwa kutoka kwenye kiti chake, likaacha nyuma duara jeupe ambalo jua halikuwahi kuliona, na mende wawili wakakimbilia uhamishoni.

Lakini habari za ngome iliyofunguka huenda mbio kuliko farasi. Kabla hawajalifikisha kopo ukutani, gari refu jeusi lilikuwa limekata kona ya geti, likaacha foleni, likaja na pua yake moja kwa moja kwenye mistari ya namba saba. Lilikuwa la Naibu Mkurugenzi.

Bwana Chokaa akaliachia kopo. Akatembea, hakukimbia, akasimama katikati ya nafasi, mgongo wake ukielekea mlango mkubwa na uso wake ukielekea taa mbili kubwa. Bampa likasimama shibiri moja kutoka magotini mwake. Nyuma ya gari foleni ilirefuka mpaka barabarani, honi zikajibizana kama tarumbeta za majeshi mawili, na kwenye madirisha ya ghorofa ya pili na ya tatu watu wakaanza kupanga vichwa.

Dereva akatoa kichwa. "Sogea, mzee. Mkubwa anaingia."

"Mkubwa ana nafasi yake," akasema Bwana Chokaa.

Kioo cha nyuma kikashuka taratibu, na Naibu Mkurugenzi akaonekana, magazeti mapajani.

"Karani, nimesikia nafasi hii imefunguliwa."

"Imefunguliwa, mheshimiwa, na imeshajaa."

"Mimi naiona tupu."

"Imejaa kwa maandishi."

Naibu akavua miwani. "Unajua unazungumza na nani?"

"Najua, mheshimiwa. Nazungumza na namba ishirini na nne. Nilikugawia mwenyewe. Ina kivuli kuanzia saa nne."

Mahali fulani ghorofani mtu akacheka, kicheko kikazibwa kwa kiganja. Naibu akanyoosha mkono dirishani. Bwana Chokaa akampa ile karatasi, naye akaisoma hadi chini, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Umesaini kwa niaba ya nani?"

Na hapa, enyi wasikilizaji, ndipo palipokuwa na vita vyenyewe, wala si penye bampa. Majina yote makubwa ya jengo lile yalijipanga ulimini mwake, kila moja likimwomba ajifiche nyuma yake.

"Si kwa niaba ya mtu, mheshimiwa," akasema. "Nimesaini mimi."

Naibu akamtazama kwa muda mrefu kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi, na kumbe alimwona kila siku. Kisha macho yake yakaenda kwenye kioo cha dereva, akaona gari dogo la kijani limekwama nyuma yake, na ndani yake mwanamke ameshika usukani kwa mikono miwili, anangoja kwa subira njia ifunguke ateremke zake tangini.

"Ni kwa ajili ya yule?"

"Kwa ajili ya mguu wake."

Naibu akarudisha karatasi. "Dereva, rudi nyuma," akasema. Kioo kikaanza kupanda, kikasimama nusu. "Hiyo ishirini na nne, kivuli chake ni saa nne kweli?"

"Saa nne na robo, mheshimiwa."

Gari jeusi likaondoka. La kijani likasogea, likasimama, na Mama Majalada akateremsha kioo.

"Chokaa, mbona umesimama njiani? Nipishe, nimechelewa."

"Huendi chini leo. Ingia hapa."

"Hapa pamehifadhiwa."

"Ndiyo. Pamehifadhiwa kwa ajili yako."

Akamtazama yeye, akamtazama Kamanda aliyekuwa amelikalia kopo anahema, akalitazama lile duara jeupe sakafuni. Akaingia, lakini kwa kuwa macho yake hayakuwa makavu sana, aliingia upande, gurudumu moja la nyuma likakanyaga mstari. Bwana Chokaa, ambaye kwa gurudumu juu ya mstari aliwahi kumwita mtu kutoka kikaoni, aligeuka akatazama paa la bati.

Hatua zilikuwa kumi na moja. Alizitembea mwenyewe, bila kushikwa, na mlangoni akasimama, lakini safari hii si kwa kutafuta pumzi. Aliangalia ubao mpya wa shaba ulioko ukutani juu ya kengele, ulioandikwa KARIBUNI.

"Kumbe hapa pameandikwa," akasema. "Miezi yote hii nafika hapa nahema, sioni chochote." Kisha, bado akiusoma: "Na kesho?"

"Kesho Jumamosi. Jumatatu utaikuta."

"Na nikiondoka?"

"Ukiondoka atapewa mwingine mwenye haja."

"Basi asubiri," akasema Mama Majalada. "Mimi bado nipo." Akaupiga mkongojo sakafuni mara moja, kama anayegonga muhuri, akaingia ndani kwenda kwa majalada yake.

Honi zilikuwa zimenyamaza. Bwana Chokaa aligundua kwamba ana njaa kali, na kwamba mbele ya suruali yake kuna alama mbili za zege. Wapo wafalme waliovuka mito na kuteka miji, na sifa zao zimejaza vitabu. Lakini ni wangapi kati yao waliofupisha njia ya mtu mmoja kwa hatua mia tatu na tisini na tisa? Jengo lilitambua lililotendeka. Mpaka adhuhuri, kwenye lifti, ambayo siku hiyo ilikubali, watu walimpisha asimame katikati, na fundi wa umeme akamwita mheshimiwa bila kutania.

Na getini, kwenye kitabu cha matukio ambamo kwa miaka mingi hapakuwa na neno ila "hali shwari," Kamanda alifungua ukurasa mpya, akakaza kalamu mpaka maandishi yakatokea upande wa pili, akaandika: Ijumaa. Saa moja na dakika arobaini na nne asubuhi. Nafasi namba saba. Gari limeingia.